Mama wa chini ya mwembe

Mizimu ya kwetu haikutoka porini. Ilianza mwezi wa sita wa mwaka 2000, ndani ya parseli zetu hapa Kisangani, na sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa watoto.

Wasomaji wetu wa machimboni wanajua habari ile. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, marafiki wa jana, walipigana katikati ya mji kwa siku sita. Mara mbili walikuwa wamekwisha kupigana hapa, mwezi wa nane 1999 na mwezi wa tano 2000. Biashara ya almasi ilikuwa moja ya sababu: kila mmoja alitaka kushika mji ambamo mawe yanauzwa. Mabombe yalivuka mto Tshopo kwenda na kurudi, na hata kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inahesabu raia waliouawa kati ya 244 na 760. Watu wengi mjini wanasema walipita elfu moja.

Siku zile hakuna aliyeweza kufika makaburini, kwa hiyo watu walizikwa pale walipoangukia, penye uwanja, kando ya njia, nyuma ya jikoni. Katika parseli yetu, kule Mangobo, alizikwa mama mmoja ambaye hatukumjua. Alikuwa anakimbia na bombe likamkuta mbele ya lango letu. Wakubwa walimzika usiku chini ya mwembe, kisha wakatuambia: "Batoto, hamukuona kitu."

Lakini tulikuwa tumeona.

Hadithi inachukua nafasi ya kimya

Vita ilipokwisha, masomo yalirudi, toleka zilirudi barabarani, na nyumbani tulikula lituma kama zamani. Hakuna mkubwa aliyetaja jina la mwembe. Ndipo sisi watoto tulipoanza kusimuliana. Usiku, umeme ukikatika, mmoja alianza: mama wa chini ya mwembe anaamka saa ya kwanza ya jogoo, anaomba maji, ukimjibu anakuchukua. Mwingine aliongeza kwamba anatafuta mtoto wake aliyepotea njiani, na anapita nyumba kwa nyumba kugusa nyuso za watoto waliolala. Tuliogopa sana, lakini kesho yake tulitaka hadithi tena.

Leo tunaelewa kidogo. Ndani ya hadithi ile mlikuwa kila kitu tulichokatazwa kusema: sauti ya bombe, damu penye lango, hofu ya kupotezana na mama zetu. Hatukuweza kusema "tunaogopa vita itarudi." Tuliweza kusema "tunaogopa mzimu." Wakubwa walicheka, wakatufukuza kwenda kulala.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Babu zetu wa wakati wa Wabelgiji walisimulia juu ya Mundele ya Mwinda, mzungu mwenye taa anayekamata watu usiku. Kule Katanga, katika kambi za wafanyakazi wa migodi, walisimulia juu ya batumbula, wanaoiba watu ili wageuzwe nyama. Aliyecheka hadithi zile hakusikia ndani yake watu waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kazini, na familia zilizongoja mtu asiyerudi.

Mtoto wa mchimbaji

Kati yetu kulikuwa na mmoja aliyesimulia kutupita wote. Hakuwa wa damu yetu. Baba yake alikwenda kuchimba almasi upande wa Bafwasende na hakurudi. Wengine walisema shimo lilimwangukia, wengine walisema ana mke mwingine kule. Mama yake alikufa kwa ugonjwa, naye akaletwa kwetu na shangazi, na mfuko mmoja wa nguo.

Katika hadithi yake, mama wa mwembe hakutisha. Alikuwa anatoka upande uleule wa Bafwasende, alikuwa anamjua baba yake, na alikuja mjini kumletea habari, bombe likamkatiza njiani. Kila usiku habari ile ilikaribia kidogo, lakini haikufika.

Siku moja shangazi alimsikia. Mwaka ule kulikuwa na homa nyingi nyumbani, na biashara yake ya makala ilikuwa imekufa. Alisema: "Huyu anazungumuza na bafu. Ni mulozi." Wakampeleka katika chumba kimoja cha maombi. Siku tatu hakupewa chakula, ili akubali. Siku ya tatu alikubali, kwa sababu alikuwa na njaa.

Koko, mama wa baba yetu, alikwenda kumtoa yeye mwenyewe, kwa miguu. Aliporudi naye, aliita parseli nzima, wakubwa kwa watoto, akasema: "Mutoto anatafuta baba yake, nyinyi munamutafutia shetani!" Kisha akakaa chini ya mwembe na akasema yote: yule mama alikuja siku ya tatu ya vita, alitoka upande wa daraja la Tshopo, alikufa mikononi mwa koko, na kitenge kilichomfunika kilikuwa cha koko. "Ule si muzimu. Ule ni mugeni wetu. Na huyu mutoto vilevile, alikuja, tukamupokea. Imekwisha."

Tangu usiku ule tulilala. Tulisimulia bado, ndiyo, lakini tulilala.

Sheria iko, masikio ni machache

Tunaandika haya kwa sababu bado kuna watoto wanaofukuzwa na jina la ndoki. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweza kumpeleka gerezani anayemtesa mtoto kwa shitaka hilo. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alionyesha mambo hayo katika filamu yake *Maman Colonelle* ya mwaka 2017. Ndani yake polisi Honorine Munyole anawatoa watoto waliofungiwa kwa shitaka la uchawi, na palepale anakutana na wahanga wa vita ya siku sita ambao bado wanangoja. Filamu moja ilibeba mambo mawili, na katika mji wetu mambo hayo mara nyingi yanalala nyumba moja.

Mwaka 2022, tarehe 9 Februari, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya watu walioumizwa. Wahanga wana haki ya pesa hizo. Lakini hakuna formilere inayouliza mtoto aliota nini, au nani alizikwa chini ya mti wao. Kazi hiyo inabaki ya nyumba.

Papa uliye machimboni, hata kama hauna pesa ya kutuma mwezi huu, tuma sauti. Mtoto asiyejua baba yuko wapi atajitengenezea habari, na mtu mwingine anaweza kuita habari hiyo uchawi. Mama uliyebaki mjini, mtoto akisema ameona mtu usiku, usianze na mafuta ya maombi. Muulize: alikuwa nani, alitoka wapi, alitaka nini. Umwache amalize. Na kama kuna jambo ambalo nyumba nzima inalijua na hakuna anayelisema, useme. Mtoto analijua tayari.

Yule ndugu yetu leo ni mchimbaji, kama baba yake. Ana watoto watatu, na kila Jumapili anapanda kilima kutafuta rezo ili awaambie yuko shimo gani, na nani na nani.

Mwembe ungali pale. Koko amekwisha kufa. Mwezi uliopita tulisikia watoto wa parseli wakisimuliana kwamba kuna mama anayelinda lango usiku, na wezi wanamwogopa. Hatukuwakatiza. Tuliongeza tu siku aliyokuja, upande aliotoka, na kitenge kilichomfunika kilikuwa cha nani.