Kwa nini mvuvi hutumia nyavu haramu akijua samaki wanapungua?

Wavuvi wa Kigoma wanajua dagaa na migebuka wamepungua. Mbona wengine bado wanatumia nyavu zilizokatazwa? Si ujinga. Mvuvi anawaza: "Nikiacha mimi, atavua mwenzangu." Wote wakiwaza hivyo, ziwa linabaki tupu.

Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja maji, misitu, malisho na samaki. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Aligundua kuwa watu wanaweza kujizuia wenyewe iwapo wanashiriki kutunga sheria, walinzi wanawajibika kwao, na adhabu inaanza ndogo na kuongezeka kwa anayerudia kosa.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa Mei 15 hadi Agosti 15. Baada ya ziwa kufunguliwa, ulinzi wa kila siku hutegemea pia BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi kwenye mialo. Kikao kikiitishwa mwaloni kwako, nenda ukaseme. Sheria uliyoshiriki kuitunga ni rahisi kuifuata, hata usiku ukiwa ziwani peke yako.