Kazi Yako Inakulisha, Lakini Je, Inakuuguza?

Je, msomaji, Jumatatu asubuhi huamka ukiwa umechoka kuliko ulivyokuwa Ijumaa jioni? Je, kichwa huanza kukugonga ukilikaribia lango la kazini, kisha maumivu yakapungua ushukapo matatu karibu na nyumbani? Ikiwa umejibu ndiyo, makala ya leo ni yako. Na ikiwa wewe ndiwe mwajiri, tafadhali usifunue ukurasa mwingine, maana nusu ya dawa nitakayoitaja iko mikononi mwako.

Kliniki yangu iko katika mitaa ya Eastlands. Kabla jua halijachomoza, huwaona watu wengi wakitoka Kayole, Umoja, Jericho na Makadara, wengi wao kwa miguu ili kuokoa nauli, wakielekea Eneo la Viwanda. Jioni baadhi yao hupitia kwangu. Mmoja analalamikia mgongo, mwingine tumbo, wa tatu moyo unadunda mbio usiku na usingizi haupatikani. Mara nyingi vipimo vya damu havionyeshi kitu. Hapo ndipo huweka kalamu chini na kuuliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote: "Kazini kukoje?"

Siku moja nilimuuliza hivyo mwanamume wa miaka 34 aliyekuwa amenijia mara ya tatu katika mwezi mmoja. Kazi yake ni kupakia katoni. Presha yake ilikuwa 160 juu ya 100, na ilikuwa hivyo mara zote tatu. Alinijibu, "Daktari, kazi yenyewe siiogopi. Nimebeba mizigo tangu nikiwa kijana Gikomba. Ninachoogopa ni ile karatasi."

Karatasi hiyo ilikuwa ya msimamizi. Kila saa iliandikwa idadi ya katoni za kila mtu. Ukienda chooni, dakika zako zilihesabiwa. Jioni majina ya watatu waliovuta mkia yalisomwa mbele ya wote. "Nimekaa pale miaka saba," akaniambia, "na hakuna aliyewahi kuniuliza namna nzuri ya kuzipanga zile katoni, ingawa naijua." Kisha akaomba barua ya kupumzika siku mbili.

Nilibaki nikiitazama kalamu. Niandike nini? Kwamba anaugua karatasi?

MWENYE SAA YA SEKUNDE

Karatasi ile ina babu yake. Mwamerika aitwaye Frederick Winslow Taylor, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1856, aliamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba njia hiyo hupatikana kwa kumpima mfanyakazi kwa saa ya sekunde. Kazi ya kufikiri ilikuwa ya wakubwa; kazi ya mfanyakazi ilikuwa kutenda alivyoelekezwa. Mwaka 1911 alitoa kitabu juu ya jambo hilo alilolipa jina la usimamizi wa kisayansi.

Mfano wake mashuhuri ulitoka katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem. Taylor alieleza kwamba wapakiaji waliokuwa wakibeba tani 12 na nusu za chuma kwa siku waliweza kufikisha tani 47 na nusu, na malipo yao yakapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Mzigo uliongezeka karibu mara nne. Mshahara haukufika hata mara mbili.

Hata hivyo, kuna jambo moja la Taylor ambalo waigaji wake wengi wamelisahau, nalo ni la afya. Kwa chuma kile kizito, alisema, mtu asiwe na mzigo mkononi zaidi ya asilimia 43 ya siku. Muda uliobaki mikono yake iwe mitupu, misuli ipumzike. Wasimamizi wengi wameichukua saa ya Taylor na kuyaacha mapumziko yake.

Wafanyakazi wenyewe hawakukaa kimya. Agosti 1911, wasubu vyuma wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, walitoka kazini waliposimamiwa na mtu mwenye saa ile. Malalamiko yao hayakuwa ya mshahara tu. Walisema wamedhalilishwa.

NAIROBI NAYO ILIPIMWA

Usidhani mambo haya yaliishia ng'ambo. Mwaka 1947 watafiti walipima ufanisi wa wafanyakazi Waafrika wa reli hapa Nairobi, yaani watu wa aina ile ile waliokuwa wakiishi Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ripoti yao ilichapishwa London mwaka 1949. Wakati huo yalikuwapo maneno mengi kwamba Mwafrika ni mvivu na hajui thamani ya kazi.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter iliyachunguza malipo yenyewe. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za binafsi walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya lazima ya afya na ya kuwawezesha kufanya kazi vizuri. Mshahara wa siku hizo ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Kwa lugha ya daktari, mgonjwa alilaumiwa kwa udhaifu huku akinyimwa chakula.

Basi mtu asikudanganye kwamba mfanyakazi hujazwa ari kwa kupigiwa makofi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa makofi, wala karo, wala unga. Mshahara wa haki unaolipwa kwa wakati ndio wa kwanza.

USAFI SI AFYA

Lakini je, mshahara ndio mwisho? Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliifurahia kazi yao mno, na ni lini waliichukia. Majibu hayakuwa pande mbili za shilingi moja. Waliochukia walitaja malipo, usimamizi mbaya na mazingira. Waliofurahi walitaja kufaulu, kutambuliwa, kupewa wajibu na kazi yenyewe kuwa na maana.

Herzberg aliyaita mambo ya kundi la kwanza kwa jina alilolitoa kwetu sisi madaktari: usafi. Maji safi na choo kizuri hukukinga na kipindupindu, lakini havikupi misuli. Vivyo hivyo, mshahara mzuri na paa lisilovuja humzuia mtu asinung'unike, lakini havitoshi kumfanya aipende kazi. Usafi ukikosekana utaugua. Ukiwapo, bado unahitaji chakula.

Na chakula hicho kikikosekana, mwili hujua. Huko Uingereza watafiti wamewafuatilia watumishi wa serikali kwa miaka mingi. Uchunguzi wa kwanza ulianza mwaka 1967, na wa pili, ulioongozwa na Dkt Michael Marmot, ulianza mwaka 1985 ukiwa na watu 10,308. Hawa hawakuwa maskini wa kutupwa. Walikuwa na kazi za kudumu za ofisini. Hata hivyo, kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo ugonjwa wa moyo ulivyozidi. Uvutaji sigara ulieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Jambo mojawapo kubwa lililojitokeza ni kiasi cha uamuzi alio nao mtu juu ya kazi yake: afanye lipi kwanza, kwa namna gani, apumzike lini. Wenye sauti ndogo kazini walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Sababu si uchawi. Ukitishwa, mwili humwaga homoni za kukuandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, sukari hupanda katika damu. Hilo ni jema ukikutana na mbwa mkali. Lakini kama mbwa huyo ni karatasi inayoandikwa kila saa, na huwezi kupigana wala kukimbia, mwili hukaa tayari kwa vita miezi na miaka. Usingizi huenda, presha hupanda, na wengi huitafuta nafuu katika pombe na sigara.

Muda nao una sumu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba mwenye kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye kufanya saa 35 hadi 40.

Nikuonye hapa usije ukazidisha. Si kila ugonjwa ni wa mawazo. Vidonda vya tumbo, kwa mfano, mara nyingi huletwa na bakteria au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo, na vina tiba. Usimsingizie mdosi kabla hujapimwa.

HATA DAKTARI HUKOSEA

Naandika haya nami nikiwa na deni. Miaka michache iliyopita niliamua kuiendesha kliniki yangu kisasa. Nikatundika saa ukutani, nikaweka dakika kumi kwa kila mgonjwa, na nikaahidi pesa kidogo kwa muuguzi atakayehudumia wengi. Mwezi wa kwanza idadi ilipanda, nikajisifu. Mwezi wa tatu muuguzi wangu mzoefu, mama niliyefanya naye kazi miaka sita, akaniletea barua ya kuacha kazi.

Nilimwuliza kama pesa hazitoshi. Akasema, "Daktari, pesa si mbaya. Lakini zamani uliniuliza mgonjwa anaendeleaje. Siku hizi unaniuliza ni wangapi." Kisha akanieleza juu ya mama mmoja aliyeondoka bila kupimwa presha kwa sababu dakika zake zilikwisha. Tulimtafuta mama huyo siku ile ile. Tulimkuta nyumbani akiwa na presha ya kutisha, tukamwahisha hospitali. Saa niliiondoa ukutani jioni hiyo. Nilijifunza kwamba ukihesabu vichwa peke yake, utaletewa vichwa, na yale yaliyomo vichwani yatapotea.

UFANYE NINI?

Wewe mfanyakazi, anza na mwili wako. Pimwa presha hata kama hujisikii mgonjwa. Ikirudia kuwa 140 juu ya 90 au zaidi, muone daktari. Maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, si mambo ya kungojea asubuhi. Nenda hospitali mara moja. Huzuni ikikukaa wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini na uje kliniki. Hiyo nayo ni maradhi kama malaria.

Zijue pia haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12. Ukiwa umetumika miezi miwili mfululizo na ukaugua, una siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Ukiwa na lalamiko, usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nawe mwajiri, sikwambii uache kuhesabu. Biashara isiyohesabu hufa. Lakini hesabu hiyo itumie kuuliza kazi imekwamia wapi, usiitumie kumwaibisha mtu. Mkosoe faraghani, mshukuru hadharani. Weka maji ya kunywa na muda wa kunyoosha mgongo. Na angalau mara moja kwa wiki waulize wale wanaoibeba kazi mikononi namna ya kuifanya vizuri zaidi, kisha lijaribu lile walilosema.

Na yule mpakiaji? Nilimwanzishia dawa, nikamwambia apunguze chumvi, nikampa siku zake mbili, kwa kuwa presha ile iliruhusu. Kwa idhini yake niliandika pia barua fupi kwa mwajiri. Sikuandika kwamba karatasi ndiyo iliyomwuguza, maana baba yake naye alikuwa na presha. Niliandika kwamba mgonjwa wangu anahitaji mapumziko mafupi kati ya mizigo, na kwamba kusomewa jina mbele za watu kila jioni hakumsaidii kupona.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja: barua imepokewa. Mwezi uliofuata aliniambia karatasi bado ipo, lakini majina hayasomwi tena. Msimamizi naye alikuwa amemwita kando kumuuliza habari za kupanga katoni. Presha ilikuwa 138 juu ya 88. Dawa ilifanya kazi yake, chumvi iliyopunguzwa ikafanya yake, na naamini ukimya ule wa jioni nao ulifanya yake.

Kwa hiyo ujapo kliniki wiki hii, msomaji, usinitajie tumbo na kichwa peke yake. Nieleze na kazini kukoje. Nimeiondoa saa ukutani, nitakusikiliza.