Baridi ya Kisii Haitoshi Kulaza Nyoka, Soma Hii Kabla Umuumize

Msee, kama una corn snake na video za majuu zimekuambia lazima alazwe kwa baridi ndio azae, tulia kwanza. Ukikosea hapa, unamzika.

Kitu ya kwanza ni karatasi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kufuga nyoka hivi hivi. Kama huna kibali cha KWS, hiyo ni kesi inakungoja.

Sasa tuongee baridi. Huyu nyoka asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani. Huko baridi ikiingia, anaacha kula, mwili unapoa na anajificha kwa miezi. Joto likirudi, dume na jike wanatafutana. Wafugaji huiga hiyo hali kwa kumweka kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi, usiku na mchana, miezi 2 au 3.

Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta. Usiku wa Julai utavaa sweta, hata Nyamira na Keroka, lakini mchana jua linarudi. Noma iko hapo. Nyoka hutegemea joto la nje ili tumbo lisage chakula. Ukimlisha panya halafu umwache kwa baridi, huyo panya anaozea tumboni. Na ukimnyima chakula miezi mzima huku mchana kuna joto, anakonda tu bure.

Habari poa ni kwamba corn snake wengi huzaa bila kulazwa. Cha maana ni jike akomae: miaka 3 hivi na gramu 300 kwenda juu. Mpe joto la kawaida, mlishe vizuri, kisha umkutanishe na dume.

Bado unataka kumlaza? Basi uwe na chombo kinachoshikilia baridi bila kupanda na kushuka. Simamisha chakula wiki 2 kabla, ukimwacha kwa joto lake la kawaida, ili tumbo liishe kabisa. Halafu punguza joto polepole, na maji safi yasikosekane. Aliyekonda au anayepumua kwa kelele, usimlaze. Huyo mtafutie daktari wa mifugo, mambo ya mayai ingoje mwaka ujao.