Umeme wa Paa na Mizani ya Gridi

Paneli za sola huzalisha umeme mwingi adhuhuri, wakati ambapo aghalabu wenye nyumba wako kazini. Usiku, taa zinapowashwa, paneli hizo hazizalishi chochote. Makala haya yanafafanua utaratibu wa salio la umeme, unaokusudiwa kutatua tatizo hilo.

Nchini Kenya, utaratibu huu uliwekewa msingi na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kisha kanuni zake zikatolewa mwaka 2024. Mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kuingia mkataba na msambazaji wa umeme. Mita hupima umeme unaoingia nyumbani na ule unaotoka.

Hata hivyo, ifahamike kwamba mizani hii hailingani. Kwa kila yuniti mbili anazopeleka kwenye gridi, mwenye nyumba huhesabiwa moja tu. Mathalan, akipeleka yuniti 100 mchana na kutumia 80 za gridi usiku, hupunguziwa 50 na kulipia 30. Wala salio hilo si fedha taslimu. Hupunguza ankara tu.

Kwa hivyo, umeme unaotumika papo hapo ndio wenye faida zaidi. Apigaye pasi au kuvuta maji kwa pampu mchana huokoa yuniti nzima. Angojaye usiku huokoa nusu. Anayenuia kununua paneli nyingi akitarajia kunufaika na ziada hana budi kupiga hesabu kwanza. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.