DJ chipukizi: nyimbo mia mbili unazozijua au elfu tano usizozisikiliza?

Msimu wa kiangazi unapowadia, kuanzia Juni hadi Agosti, harusi huwa nyingi mjini Bujumbura, na vijana wanaojitokeza kufanya kazi ya DJ huwa wengi vilevile. Vyombo si tatizo kubwa, kwa kuwa spika, miksa na hata kompyuta vinaweza kukodiwa kwa usiku mmoja. Nyimbo ndizo zinazomtia mashaka anayeanza: azitoe wapi, na ngapi zitamtosha?

Jibu jepesi la mitaani ni flashi iliyokwisha jazwa. Kibanda cha kurushia nyimbo humpa mteja nyimbo elfu tatu au elfu tano kwa fedha kidogo, na kijana hurudi nyumbani akijiona amekwisha kuwa na maktaba. Akianza kuzifungua, hukuta faili kadhaa zinazoitwa «wimbo 01», wimbo mmoja ulionakiliwa mara nne kwa majina manne tofauti, na nyimbo ambazo katikati ya ubeti husikika sauti ya mtu akitangaza jina la tovuti zilikotoka. Nyingine hukatika kabla ya kwisha. Kasoro hizo hazionekani katika orodha. Huonekana ukumbini, saa tatu usiku, mama wa bibi harusi anapoomba wimbo wa ujana wake na DJ akawa anapekua skrini huku ukumbi mzima ukimtazama.

Tufanye hesabu ndogo. Sherehe ya saa tano ina dakika mia tatu. Tukitoa muda wa hotuba, maombi, chakula na zawadi, sehemu ya kucheza haizidi sana saa tatu, yaani dakika mia na themanini. Wimbo mmoja ukipigwa kwa dakika nne, zinahitajika nyimbo arobaini na tano. Ziongezwe nyimbo za taratibu za wakati wa chakula na akiba ya kujibu maombi ya wageni, na bado mia mbili zinatosha kabisa kwa msimu wa kwanza. Lakini mia mbili hizo ni lazima DJ azijue: aujue mwanzo wake ulivyo, mahali sauti inapoingia, mahali mdundo unapobadilika, na jinsi unavyokwisha. Anayesikiliza nyimbo kumi kila siku kwa makini huzimaliza kwa siku ishirini. Za elfu tano zingemchukua mwaka na zaidi.

Nyimbo zipi, basi? Hapo ndipo mji wetu unapomdai DJ zaidi ya inavyodaiwa miji mingine. Katika harusi ya Buyenzi au Bwiza hukutana watu wa vizazi vitatu na lugha nne. Wapo watakaotaka taarab, wapo wa rumba, vijana watadai Bongo Fleva na amapiano, na familia zote mbili zitataka nyimbo za Kirundi wakati wa kuingia maharusi. Ni busara kuanza na wasanii ambao tayari wanaziunganisha pande hizo. Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi, alipata umaarufu wa kimataifa kwa nyimbo za Kiswahili, hasa baada ya albamu yake Sambolera ya mwaka 1996. Kidumu, aliyezaliwa Burundi na kujijengea jina Nairobi, huimba Kirundi na Kiswahili. Remmy Ongala alizaliwa Kongo akawa nyota Dar es Salaam. Wimbo wa msanii wa namna hiyo huweza kumtoa DJ kwa wazee na kumfikisha kwa vijana bila ukumbi kushtuka.

Rumba inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa kawaida wimbo wa rumba huanza polepole kwa uimbaji, kisha hufika sebene, ile sehemu ambayo magitaa hushika usukani na watu huinuka vitini. DJ asiyeujua wimbo huukata katika dakika ya tatu, sekunde chache kabla ya kile ambacho wachezaji walikuwa wakikingoja. «Mario» wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, unazidi dakika kumi, na anayeupiga kama wimbo wa redio wa dakika tatu hajaupiga.

Pia kuna suala la santuri za zamani. Nyimbo nyingi za bendi za Afrika Mashariki zilizorekodiwa miaka ya 1970 zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukutosha kubeba wimbo mzima. Wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na mara nyingi sehemu ya pili ndiyo yenye mdundo wa kucheza. Waliozinakili baadaye wakati mwingine walichukua upande mmoja tu. Kwa hiyo, anayekusanya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe au za bendi nyingine za wakati ule aulize kila mara kama wimbo alioupata ni nusu au ni kamili.

Maneno ya nyimbo nayo yana hatari yake. Taarab ya kisasa imejaa mipasho, na wimbo uliotungwa kumsuta mke mwenza au wifi ukipigwa mbele ya mawifi wenyewe huweza kuzua ugomvi ambao DJ hakuukusudia. Huo wa «Mario» tulioutaja unamzungumzia kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Ni wimbo mzuri mno, lakini bwana harusi akiwa mdogo kwa bibi harusi, wageni wanaojua Kilingala watatazamana. Kila wimbo wa lugha asiyoielewa, DJ amtafutie mtu wa kumfasiria kabla ya kuuingiza katika orodha ya harusi.

Tugeukie ubora wa sauti. Faili ya MP3 hupunguza ukubwa wa wimbo kwa kuacha baadhi ya sauti. Kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde ndicho cha juu kabisa cha MP3, na wimbo wa dakika tano katika kiwango hicho huchukua takriban megabaiti 12. Wimbo huohuo katika kilobiti 128 huchukua chini ya megabaiti 5, na usiobanwa kabisa, katika muundo wa WAV wenye ubora wa sidii, hufikia megabaiti 50 hivi. Katika simu ya mkononi tofauti ya 128 na 320 huenda isisikike. Katika spika kubwa husikika: matoazi huwa kama yanachujwa kwa kitambaa, na besi hukosa umbo. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya nyimbo elfu mbili za megabaiti 12, kwa hiyo uhaba wa nafasi si kisingizio tena.

Jambo moja huwapotosha wanunuzi: faili dhaifu inaweza kugeuzwa kwa programu ikaandikwa 320, lakini sauti iliyokwisha kuachwa hairudi. Ni sawa na kupiga picha ya picha iliyofifia kwa kamera ghali. Programu ya bure iitwayo Spek huonyesha mchoro wa sauti, na faili iliyotoka katika 128 kwa kawaida huonekana imekatwa karibu na kilohezi 16, hata jina lake liseme vingine.

Nyimbo halali zipatikane wapi? Bandcamp na duka la iTunes huuza faili ambazo mnunuzi hubaki nazo, ingawa kulipia kunahitaji kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, na si kila kijana anayo. Programu za kusikilizia muziki kwa malipo ya mwezi hazimfai DJ kama wengi wanavyodhani, kwani wimbo uliohifadhiwa humo hufunguka ndani ya programu hiyo peke yake, hauhamishiki kwenda kwenye flashi, na kwa kawaida masharti yake huruhusu matumizi binafsi tu. Kwa wasanii wa hapa nyumbani, njia fupi ni kuwaendea wenyewe. Msanii anayeanza humpa DJ wimbo wake kwa furaha, katika faili nzuri iliyotoka studio, kwa kuwa na yeye anahitaji wimbo usikike. DJ amwombe na ile nakala isiyo na sauti ya mwimbaji, ambayo hufaa sana mshereheshaji anapozungumza.

Kununua faili hakumpi mtu haki ya kuupiga wimbo hadharani. Haki hiyo ni jambo jingine, na hapa Burundi wa kuulizwa ni Ofisi ya Haki za Watunzi, OBDA. Ni vyema DJ na mwenye ukumbi waelewane mapema ni nani anayeshughulikia suala hilo.

Kuna hazina nyingine ambayo haiuzwi popote: kanda za kaseti zilizomo makabatini mwa wazazi wetu. Nyimbo kadhaa za Kirundi na za taarab ya zamani hazipatikani kwa sauti nzuri mtandaoni, na kanda zenyewe zinazidi kuchakaa. Redio ya kaseti iliyo nzima, waya unaoiunganisha na kompyuta, na programu ya bure ya Audacity vinatosha kuzihamisha. Nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo katika WAV, na usafishaji wa sauti ufanywe katika nakala ya pili. Mwenye kanda arudishiwe kanda yake pamoja na nakala. Kanda ya zamani huweza kuzunguka haraka au polepole kuliko inavyopaswa, hivyo asikilizishwe mtu anayeukumbuka wimbo kabla ya kuamini kasi yake.

Baada ya kukusanya huja kazi ya kuandika. Kila faili ipewe jina kamili la wimbo, la msanii au bendi, na mwaka ukijulikana. Ma-DJ wengi hupanga folda kwa aina ya muziki. Kwa harusi, kupanga kwa nyakati za sherehe kunasaidia zaidi: kuingia kwa maharusi, chakula, zawadi, wazee kucheza, vijana kucheza, kufunga. Wimbo mmoja unaweza kuwekwa katika orodha mbili bila kunakiliwa mara mbili, kwani programu kama Mixxx, ambayo ni ya bure, huruhusu orodha juu ya orodha kwa faili ileile.

Programu hizo pia hupima kasi ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika. Zisiaminiwe bila kukaguliwa. Zimezoea muziki wa mashine wenye mapigo manne yasiyotetereka, ilhali bendi ya watu kumi huharakisha kidogo inapofika kwenye sebene, na ngoma nyingi zetu huenda kwa hesabu ya tatu au sita. Si ajabu wimbo wa mapigo 70 kuandikwa 140. DJ ahesabu mwenyewe kwa mguu na saa, kisha asahihishe. Kwa nyimbo ambazo kasi yake huyumba, asijaribu kuzilaza juu ya nyingine kwa muda mrefu. Auache wimbo wa kwanza ufike mwisho wa ubeti, kisha aingize wa pili kwa mkato safi.

Wiki ya sherehe, orodha ipitiwe pamoja na mtu mmoja wa kila familia, naye aulizwe mambo mawili: nyimbo gani ni lazima zipigwe, na zipi zisipigwe kwa hali yoyote. Orodha ya pili huwa fupi, na ndiyo ya kuandikwa kwa wino. Siku moja kabla, nyimbo zote zinakiliwe katika flashi mbili zilizoandaliwa kwa muundo wa FAT32, ambao hata mashine za zamani huusoma, na kila moja ijaribiwe katika mashine itakayotumika. Flashi ya pili ikae mfukoni mwa DJ, wala isiwekwe mkoba mmoja na ya kwanza.