Embe Zuri kwa Macho

Wengi wetu tukisikia kwamba matunda ya kutoka nje hukaguliwa, hudhani kazi yenyewe ni ofisa kufungua boksi pale mpakani na kutazama kama kuna lililooza. Ukaguzi huo upo, na unafaa. Lakini kupima hatari ni jambo jingine, tena hufanyika kabla tunda halijapakiwa.

Chukua nzi wa matunda wa Asia, ambaye wataalamu walimgundua Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Mwanzoni tundu lenyewe ni kama la ncha ya sindano. Embe linang'aa, linanukia, na mkaguzi atalipitisha kwa moyo safi. Baadaye funza aliyeshiba hutoka, hujichimbia udongoni, na humo hugeuka nzi.

Kwa hiyo mpimaji huuliza maswali kwa mfululizo. Je, mdudu huyu yupo huko tunda linakotoka? Atakuwa hai baada ya safari na ubaridi wa kontena? Tunda bovu litatupwa wapi? Likitupwa penye lami tupu, huenda funza akafa. Likitupwa uani penye mwembe au mpera, keshapata makao. Tena atasababisha hasara gani? Jibu likiwa "hapana" katika hatua moja tu, mnyororo umekatika. Likiwa "ndiyo" kote, bado si lazima kupiga marufuku: embe laweza kutiwa katika maji ya moto ya nyuzijoto 46 kwa saa moja au zaidi, kutegemea ukubwa wake, na funza wakafa.

Nzi yule hakuombewa kibali na mtu. Alienea Afrika upesi hata mwaka 2005 wanasayansi wakampa jina lenye maana ya mvamizi. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba ni yule yule wa Asia aliyejulikana siku nyingi. Hapo hesabu ikatugeukia sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifungia mlango maparachichi ya Kenya. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, isirejee hadi 2021. Miaka saba, na mwembe hauachi kuzaa.

Mimi sihofii sana shehena kubwa, maana ina cheti cha usafi wa mimea. Nahofia kikapu cha abiria, chenye maembe matatu ya kumpelekea shangazi, ambacho hakuna aliyekiuliza swali hata moja.