Somo la UVIDA Lianzie Wodini

Mgonjwa anayeshuka kutoka Bigwa, au kutoka vijiji vya juu zaidi kwenye miteremko ya Uluguru, mara nyingi hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro akiwa ameshapita duka la dawa. Amemeza amoksilini siku mbili, akapata nafuu, zilizobaki akazitunza kwa ajili ya mtoto. Homa iliporudi ndipo akaletwa. Katika hospitali zetu nyingi, sindano ya kwanza atakayochomwa ni seftriaksoni. Ni dawa nzuri sana, na kwa sababu hiyo imegeuzwa dawa ya kila kitu: homa, kidonda, mkojo, kabla ya upasuaji na baada yake.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, hustawi katika matumizi ya namna hiyo. Dawa inaua bakteria wengi, anayeihimili anabaki, naye anazaana bila mshindani. Akipata chakula na joto la kutosha, bakteria kama E. koli hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Baadhi yao hutoa vimeng'enya vinavyovunja pete ya kemikali ambayo ndiyo nguvu ya penisilini na seftriaksoni. Kibaya zaidi, maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo mara nyingi yamo kwenye plasmidi, kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Basi usugu ulioanzia tumboni mwa mgonjwa mmoja huweza kuhamia kwa bakteria mwingine, klebsiela, na klebsiela huyo akaingia kwenye kanyula ya mtoto mchanga aliyelazwa chumba kingine. Mara nyingi hubebwa na mkono wa mtu aliyekuja kusaidia.

Mwaka 2001 na 2002, watafiti wa Tanzania na Norway waliotesha damu ya watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Miongoni mwa waliokuwa na bakteria wenye vimeng'enya hivyo katika damu, asilimia 71 walifariki. Kwa wale ambao bakteria wao hawakuwa navyo, ilikuwa asilimia 39. Takwimu hizi zina zaidi ya miaka 20, na bado naona zinapaswa kusomwa kwa sauti kwa kila mtumishi mpya anayeripoti wodi ya watoto.

Hata hivyo, kusoma takwimu peke yake hakutoshi. Semina yetu ya kawaida huwa na ukumbi, slaidi, chai na cheti, kisha watu hurudi kwenye wodi ambayo bomba halitoi maji. Muuguzi mwenye wagonjwa 40 hahitaji kuambiwa mara ya tano kwamba mikono hubeba vimelea. Analijua hilo. Anahitaji kitakasa mikono kando ya kitanda, si mwisho wa korido. Hospitali inaweza kukitengeneza yenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo, haidrojeni peroksaidi kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa.

Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, ziliendesha kampeni ya usafi wa mikono kuanzia mwaka 1995. Kitakasa kiliwekwa karibu na mgonjwa, mabango yalichorwa kwa mawazo ya watumishi wenyewe, na kila wodi ilirudishiwa matokeo yake. Kufikia 1997, usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Maambukizi ya hospitalini, yaliyokuwa asilimia 16.9 mwaka 1994, yalishuka hadi 9.9 mwaka 1998. Madaktari ndio waliobadilika kidogo zaidi. Hapo ndipo penye kazi ngumu hata kwetu: muuguzi kijana aweze kusema, "Dokta, mikono," wakati wa raundi, na asionekane amekosa adabu.

Kitu ambacho ningekisisitiza kuliko vyote ni kurudisha matokeo. Majibu ya kuotesha vimelea huja baada ya siku mbili tatu, yanabandikwa kwenye faili, na mara nyingi hayambadilishii mgonjwa dawa. Yakikusanywa kwa miezi sita, yanaiambia wodi ni dawa gani bado inafanya kazi pale pale. Daktari akiona kwamba katika wodi yake seftriaksoni inashindwa na klebsiela wengi, kalamu yake itasita yenyewe. Lakini ili maabara ipate cha kuotesha, damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Morogoro haikosi wa kusaidia: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo mjini, na wataalamu wake hufuatilia usugu kwa binadamu na mifugo kwa pamoja.

Kikao cha kusoma majibu hayo kiwe kifupi, kifanyike wodini, na mfamasia na mteknolojia wa maabara wawepo. Mhudumu anayepiga deki naye aitwe, kwa kuwa yeye ndiye anayegusa vitanda vyote, na kitambaa kilichofuta kitanda cha mgonjwa mwenye bakteria sugu kisifute cha jirani yake.